Hongera, Pole na Sawa

Benchi letu liko kati ya meza yangu ya kushonea viatu na kibanda cha fundi Koili. Mzee Sawa ndiye aliyelitengeneza, kwa mbao zilizobaki alipomaliza milango ya benki, ndiyo maana ni zito na halina msumari hata mmoja wa kukuchania suruali. Kila asubuhi hapo utamkuta Mhuri, karani mstaafu aliyegonga mihuri ofisini miaka thelathini na miwili. Chupa ya kahawa ni yake, na ndiyo sababu tunamvumilia. Utamkuta Honi, dereva wa lori, mtu asiyejua kunong'ona. Utamkuta na Mzee Sawa mwenyewe, seremala, mpole kuliko sisi sote, tuliyempa jina hilo kwa sababu lolote utakalomwambia atakujibu "sawa". Mimi wananiita Gundi. Mikono yangu iko kwenye viatu vya watu, mdomo uko benchini. Pale kila mtu husema na hakuna anayesikiliza, na jambo hilo tulikuwa tunajivunia mpaka asubuhi ninayotaka kuwasimulia.

Asubuhi hiyo Honi alikuja na hedifoni mpya kichwani, zile kubwa za kufunika sikio zima, anatikisa kichwa peke yake barabarani.

Honi: Gundi! Bezi hii inachezesha mpaka meno!

Mimi: Punguza sauti. Aliyeziba masikio ni wewe, si mimi.

Honi: Eeh?

Mimi: Basi.

Honi: Kuna kitu ndani ya simu kinaitwa ikwalaiza, bwana wee. Vijiti kumi, vimepangwa kwenye kioo. Unavipandisha na kuvishusha kwa kidole, sauti inabadilika unavyotaka. Mimi vya bezi vyote nimevipandisha mpaka vimegonga dari.

Mhuri: Umechezea mpangilio wa kiwandani?

Honi: Nimechezea, na mchana nitachezea tena.

Mhuri akafunga chupa ya kahawa. Hiyo ndiyo adhabu yake.

Mhuri: Mkataa kwao mtumwa. Hiyo hedifoni ina kwao, na kwao ni kiwandani.

Honi: Na mimi nakujibu kwa methali vilevile. Debe tupu haliachi kuvuma. Ukitaka kuvuma, sharti uwe debe.

Mimi: Honi, hiyo methali ni matusi.

Honi: Matusi kwa nani?

Mimi: Kwako.

Honi: Haya, fungua chupa, Mhuri, tusigombane.

Mhuri hakufungua. Alisimama, akakung'uta suruali, na Mhuri akisimama ujue ni hotuba.

Mhuri: Sikilizeni niwaambie. Kule kiwandani kuna chumba cha vioo. Ndani yake wamo wataalamu saba, wote wamenyoa, na hawaruhusiwi kula vitunguu. Wamepima sikio la mtu wa kawaida, wakapanga sauti ilingane nalo. Wewe ni nani mpaka uwasahihishe?

Mimi: Huyo mtu wa kawaida ni nani?

Mhuri: Yupo. Ofisini tulikuwa na fomu zake.

Honi: Mimi siye. Mimi bezi inanitembezea damu. Tangu jana goti langu la kushoto haliumi. Na lori nalo limeanza kupanda mlima bila kukohoa.

Mimi: Kwani lori nalo limevaa hedifoni?

Honi: Linahisi, bwana. Gari humjua dereva mwenye furaha.

Mhuri: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu! Na mkuu hapa ni aliyeitengeneza. Mtanikumbuka.

Ubishi ukikwama huwa tunaupeleka kwa Mzee Sawa. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi na kiboksi kidogo mapajani, amekishika kwa mikono miwili.

Honi: Mzee, bezi ndiyo uhai, au nasema uongo?

Mzee Sawa: Sawa.

Mhuri: Mzee mwenzangu, mpangilio wa kiwandani usiguswe. Au vipi?

Mzee Sawa: Sawa kabisa.

Kila mmoja akaridhika kwamba ameshinda, na chupa ikafunguliwa. Huo ndio uliokuwa utamu wa Mzee Sawa.

Koili alikuwa ndani, nyuma ya dirisha lake, anaunga waya wa redio. Dada huyu, niseme wazi, namheshimu kuliko mafundi wote wa mtaa huu. Hana kibao cha rangi mlangoni, hana maneno mengi, na kitu kikimshinda hukwambia kimenishinda, nenda kwa fulani. Mbele ya dirisha lake, juu ya ndoo iliyogeuzwa, alikuwa amekaa mama mmoja tusiyemjua, ana pasi mbovu iliyofungwa waya wake vizuri. Alikuwa anangoja zamu yake na hakutia neno katika ubishi wetu.

Koili: Kaka Honi, hebu nizisikie hizo.

Akazivaa, akafumba macho, kama mtu anayeonja mchuzi.

Koili: Wimbo wako umeufunika blanketi.

Honi: Blanketi la bezi. Tamu, eti?

Koili: Unaupenda tangu lini?

Honi: Miaka ishirini. Tangu nikiwa utingo.

Koili: Gitaa lake la pili linapiga nini?

Honi: Wimbo huu una gitaa la pili?

Koili hakumcheka. Aliigeuza simu tuione sote. Vijiti vya kushoto, alisema, ni vya sauti nzito: ngoma, injini, geti la chuma likifungwa. Vya katikati ndiko watu wanakokaa wanapozungumza. Vya kulia ni vya sauti nyembamba na kali: matoazi, funguo zikianguka sakafuni, na zile herufi zinazotokea kwenye meno, s na f na wenzao. Ukipandisha kimoja kupita kiasi, majirani zake hawasikiki. Ndiyo maana fundi huanza kwa kupunguza. Na akitaka kuongeza mahali, hushusha kwanza sauti yote, maana ukirundika juu ya kilichojaa, sauti inapasuka.

Alishusha bezi nusu. Akashusha kidogo na kijiti cha nne, akasogeza cha saba juu kwa upana wa ukucha. Kisha akamrudishia Honi. Namjua Honi miaka kumi na mmoja, na ilikuwa mara ya kwanza kuuona mdomo wake umefungwa na hatafuni kitu.

Honi: Jamani. Humu ndani kuna mtu anapiga gitaa.

Koili: Anapiga tangu ukiwa utingo.

Honi: Na bezi bado ipo!

Koili: Ipo. Imekaa tu kwenye kiti chake, haijakalia vya wenzake.

Honi akazivua, akazitazama, akazivaa tena. Akamwambia Koili kwamba mikono yake ibusiwe, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kituo cha basi.

Mhuri: Mimi sidanganyiki. Kuchezea kazi ya watu ni kuchezea. Niwekee mimi ya kiwandani uone ninavyoijua.

Koili: Haya, mzee wangu. Nitakupigia wimbo mmoja mara mbili. Mara moja kiwandani, mara nyingine mkono wangu. Zote nimezilinganisha ukubwa, kwa sababu sauti kubwa ni tapeli. Mtu husema hii nzuri, kumbe inampigia kelele tu. Chagua.

Mhuri akasikiliza ya kwanza. Akasikiliza ya pili. Akaomba arudishiwe ya kwanza, akakunja uso kama anayesoma mkataba.

Mhuri: Ya pili. Hicho ndicho kiwanda chenyewe! Safi, imenyooka, unaona kabisa kazi ya watu wasiokula vitunguu.

Koili: Ya pili ni yangu, mzee.

Honi alicheka mpaka benchi zito la mlango wa benki likatikisika.

Mhuri: Basi wale wataalamu siku hiyo waliteleza kidogo.

Koili: Hawajateleza. Mpishi hutia chumvi ya watu wote, ya kwako unajiongezea mezani. Kila ukipigiwa simu hapa nakusikia unamwambia mtu, "sogea, sogea karibu." Nikajua unapenda sauti za katikati zije mbele. Mwingine angezikataa hizo hizo.

Mhuri: Hiyo umeijua kwa kunisikia nikiongea na simu?

Koili: Si unaongea hapo dirishani?

Mhuri akamimina kikombe kizima, cha kwanza kwa Koili, kabla hata ya kujimiminia mwenyewe. Aliyewahi kunywa kahawa ya Mhuri anajua hilo ni jambo la kuandikwa.

Hapo Mzee Sawa akainuka na kufungua kiboksi chake. Ndani mlikuwa na hedifoni nyeusi, mpya, bado zina karatasi. Bintiye ndiye aliyemtumia, kutoka mji mwingine anakofanya kazi kwenye ghala la dawa. Mke wa mzee alishatangulia mbele ya haki, na huyo binti ndiye mtoto pekee.

Mzee Sawa: Mwanangu, hizi ni mbovu. Zinanguruma. Mtu akizungumza unadhani yumo ndani ya pipa.

Koili akazivaa, akasikiliza, akazivua.

Koili: Nzima, baba. Nzuri hata.

Mzee Sawa: Sawa. Lakini ni mbovu.

Koili alimtazama kidogo. Kisha akatoa spika yake ndogo ya kujaribia, akaiweka dirishani, akamweleza mzee taratibu huku akimwonyesha kidole.

Koili: Tuziache hizo kwanza. Nitapiga mlio mmoja mmoja kwenye spika hii, kuanzia mzito kwenda mwembamba. Ukiusikia, inua kidole. Sawa, baba?

Mzee Sawa: Sawa.

Ukaja mlio mzito, kidole kikapanda. Ukaja wa pili, kikapanda. Wa katikati, kikapanda kwa kuchelewa. Kisha Koili akaenda kulia, na kwenye ile spika ukatoka mlio mkali ambao sitausahau. Honi aliziba masikio. Mhuri alijimwagia kahawa pajani. Mama wa pasi alishtuka akashika ndoo, na mimi nikajidunga sindano ya viatu kwenye kidole gumba. Mzee Sawa alikuwa ametulia, mikono magotini, anamtazama Koili kwa upole wake uleule.

Mzee Sawa: Haya, anza basi.

Koili akazima spika. Akatoka kibandani, akavuta kigoda, akaketi mbele ya mzee, uso kwa uso, akawa anasema taratibu, na sisi tukisema anamrudishia.

Koili: Baba, umefanya kazi na msumeno wa mashine miaka mingapi?

Mzee Sawa: Arobaini na mmoja.

Koili: Ulikuwa unaziba masikio?

Mzee Sawa: Nikiziba, nitajuaje ubao umekwama?

Koili: Na binti akikutumia ujumbe wa sauti, unamsikia?

Mzee Sawa akatutazama mmoja mmoja. Mimi niliinamia kiatu.

Mzee Sawa: Sauti naisikia. Maneno ndiyo siyapati. Yote yamepigwa randa, hayana kingo.

Koili: Sasa unamjibuje?

Mzee Sawa: Nina utaratibu wangu. Sauti yake ikipanda, namwambia hongera. Ikishuka, namwambia pole. Ikikaa katikati, sawa.

Honi: Ngoja kwanza. Na hapa benchini je?

Mzee Sawa: Hapa ni sawa tu. Nyinyi hampandi wala hamshuki, mnapiga kelele.

Honi: Mzee! Mimi nilikuuliza kama nimuoe yule mwenye duka, ukaniambia sawa!

Mhuri: Kwani ndoa ina tatizo?

Honi: Haina! Lakini nilidhani nimeshauriwa!

Mhuri: Na mimi siku niliyokwambia nastaafu, ukanipa pole.

Mzee Sawa: Hapo nilisikia.

Tulicheka, naye akacheka, lakini mimi niliacha mapema. Miaka mitatu tulimsifia mzee huyu hekima. Tulimwita mtu wa amani, tukawapigia mfano wenye midomo mirefu. Kumbe alikuwa amekaa katikati yetu peke yake, na hatukujua kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kungoja jibu lake.

Koili: Kimetokea nini hasa, baba? Maana hizi hedifoni hukuzileta kwa ajili ya muziki.

Mzee Sawa: Alikuwa ananitumia sauti kila asubuhi kabla hajaingia kazini. Kila asubuhi, haikosi. Sasa siku ya tisa, kimya. Nikimpigia hapokei. Ya mwisho ni hii, dakika mbili na kidogo. Nimeisikiliza mpaka simu inapata moto, sijashika neno.

Mimi: Na hiyo uliijibu nini, mzee wangu?

Mzee Sawa: Ilikuwa ya katikati. Nikasema sawa.

Honi: Nipe mimi niisikilize, nikwambie sasa hivi.

Mzee Sawa: Mtoto kasema na baba yake, Honi. Hakusema na kituo cha basi.

Koili: Atamsikia mwenyewe. Nipeni nafasi, na mpunguze kelele.

Akaanza kazi. Sisi kupunguza tulipunguza, lakini kunyamaza ni kitu kingine.

Honi: Ni mchumba. Binti aliomba ruhusa, mzee kasema sawa. Hivi tunavyoongea watu wako njiani na posa.

Mhuri: Posa gani? Amehamishwa ng'ambo. Kauliza auze kiwanja cha baba apate nauli, baba kasema sawa. Sasa hivi kuna mtu anakipima kwa kamba.

Mimi: Labda ameacha kazi ya ghala, ameingia jeshini.

Honi: Umesema kweli! Jeshini siku tisa za kwanza hawashiki simu.

Mhuri: Au wamempeleka angani. Siku hizi wanapeleka watu wa kawaida. Kule juu mtandao haushiki.

Honi: Wamchukue mtu wa ghala la dawa?

Mhuri: Wanaokwenda angani hawaumwi?

Koili hakutusikiliza. Alijirekodi kwenye simu ya mzee maneno machache, "sita, fisi, tisa, kisu," akamvisha mzee hedifoni. Alishusha vijiti vyote vya kushoto, na Honi akaguna kwa uchungu, lakini akajizuia. Akashusha sauti yote. Ndipo akaanza kupandisha vya kulia, kimoja kimoja, kidogo kidogo, na kila hatua anamuuliza mzee amesikia nini.

Mzee Sawa: Ita.

Koili: Tena.

Mzee Sawa: Kisi.

Koili: Tena, baba.

Mzee Sawa: Hapo inachoma.

Alishusha palipochoma. Akagundua kwamba sikio la kushoto limechoka kuliko la kulia, kwa sababu msumeno ulikuwa upande huo miaka yote, akalipangia vijiti vyake peke yake. Nimeona mafundi wengi wakifungua vitu. Sijawahi kumwona fundi akifungua kitu bila bisibisi, kwa kuuliza na kungoja, kuuliza na kungoja, nusu saa nzima, na soli yangu ikakauka gundi nimeishika mkononi.

Mzee Sawa: Sita.

Koili: Eeh?

Mzee Sawa: Sita. Fisi. Tisa. Kisu.

Honi alinyanyua mikono juu kama mpira umeingia wavuni, lakini kelele hakupiga.

Koili: Nisikilize vizuri, baba. Sijakuponya. Mimi ni fundi wa waya. Jumatatu uende hospitali ukapimwe masikio, wao wana vifaa vyao. Na sauti ya jumla usizidishe hata ukitamani, masikio hayana spea. Nimesema nini?

Mzee Sawa: Masikio hayana spea.

Koili akampa simu, ashike mwenyewe. Mzee akatafuta ule ujumbe kwa kidole kinene cha seremala, akabonyeza.

Mzee Sawa: Marahaba, mama.

Alijibu kwa sauti, palepale, kana kwamba binti amesimama mlangoni. Kisha akatugeukia, macho yamemjaa maji.

Mzee Sawa: Ile sh yake ipo. Huivuta hivyo tangu mdogo. "Shhikamoo, baba."

Tukamwacha asikilize. Dakika mbili ni ndefu ukizingoja. Tulianza tukimtazama kwa furaha, halafu tukaona uso wake unabadilika, na Honi akaacha kutabasamu. Mzee alirudia ujumbe mara ya pili. Alipomaliza alibaki na hedifoni kichwani, anaangalia mbao za benchi.

Mzee Sawa: Anauliza amenikosea nini.

Koili: Amesemaje?

Mzee Sawa: Alipandishwa cheo. Alinieleza akiwa amechoka, sauti chini. Nikamwambia pole, ni mipango ya Mungu. Halafu akaanguka ngazi kule ghalani, akavunjika mguu. Alinisimulia anacheka, ili nisiogope. Nikamwambia hongera.

Siku nyingine Honi angeanguka chini kwa kucheka.

Mzee Sawa: Mwisho anasema, baba, kama nakusumbua, niache kukutumia?

Hakumalizia, maana wote tulikuwa tunajua alichojibu. Nikaikumbuka methali ya Mhuri ya asubuhi. Asiyesikia alikuwa mkuu mwenyewe, na aliyevunjika guu ni mtoto. Nadhani Mhuri naye aliikumbuka, kwa sababu alikaa chini taratibu na kuanza kufuta kikombe kilichokuwa safi.

Lakini benchi letu haliwezi kukaa na huzuni dakika tatu. Tukaanza kumtengenezea mzee jibu.

Honi: Mwambie simu iliibiwa. Mwizi mwenye adabu, ndiye aliyekuwa anajibu. Jana amekamatwa.

Mhuri: Uongo wa mdomo hauna nguvu. Iandikwe barua. Yahusu: kufutwa kwa hongera, pole na sawa za tarehe zilizotajwa hapo juu. Mhuri ninao nyumbani.

Mimi: Mwambie kwa maseremala wa zamani hongera ndiyo pole.

Honi: Au mwambie daktari amekukataza kusema, umeruhusiwa maneno matatu tu.

Mhuri: Au mtandao! Mtandao unachanganya majibu. Hongera yako ilikuwa ya mtu mwingine, ya kwake imekwenda kwa mtu mwingine. Sasa hivi kuna mtu huko kapandishwa cheo na anapewa pole.

Honi: Hiyo ndiyo! Mjinga ndiye aliwaye, tupige hapo hapo!

Koili alikuwa anakunja waya. Ndipo yule mama wa pasi, ambaye tangu asubuhi hatukuwa hata tumemuuliza hali, akainua mkono kidogo kama yuko darasani.

Mama wa pasi: Samahani, jamani. Kwani huyo binti anajua kwamba baba yake hasikii?

Honi alimtazama Mhuri. Mhuri alinitazama mimi. Mimi nilimtazama Koili, naye alikuwa anamtazama mzee. Mhuri akashika chupa, tunavyofanya siku zote jambo likitushinda, akaiinamisha kwenye kikombe. Yakatoka matone mawili. Akaitikisa, akaiweka chini. Methali zote tulizorushiana asubuhi ile, hakuna hata mmoja wetu aliyetaja ile ya kuuliza si ujinga.

Mzee Sawa alikuwa bado amevaa hedifoni, na mama hakuwa mbele ya uso wake, kwa hiyo hakupata kitu. Aliona tu midomo yetu imesimama. Akaona sote tunamwangalia, halafu tunamwangalia mama. Miaka mitatu tulijua neno litakalofuata hapo, na nilimwona kabisa linamjia. Akaguna. Kisha akavua hedifoni, akaziweka juu ya goti, akamgeukia yule mama.

Mzee Sawa: Umesema nini, mama?

Hatukuwahi kumsikia akiuliza hivyo. Mama akaweka pasi yake chini, akaja akasimama mbele yake, akarudia taratibu, neno kwa neno. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Alichukua simu, akaisogeza mdomoni.

Honi: Tuondokeni.

Alinong'ona. Honi, alinong'ona. Tukainuka, tukamwachia mzee benchi lake. Mhuri alikwenda kusuuza chupa, mimi nikajifanya natafuta kisigino kwa Koili. Hatukwenda mbali, na hata tungekwenda tungesikia tu, kwa sababu mtu asiyejisikia huongea kwa nguvu.

"Mwanangu," alisema Mzee Sawa, "shikamoo yako nimeisikia leo. Zile nilizokujibu zote, sikuwa nimesikia. Baba yako hasikii, mama, siku nyingi sasa. Nilikuficha. Usiache kunitumia. Nitumie tena, uanze mwanzo, useme polepole. Mguu uliovunjika ni upi?"